Moshi wa Jikoni na Jeni za Mapafu: Tuliyofundishwa na Xuanwei

Haya ni maneno niliyoyasema Mbeya mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa sayansi na wanafunzi wao. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyatamka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, walimu wenzangu, wahudumu wa afya mliotoka kata za mbali, wanafunzi: itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie moshi wa ndani ya nyumba na jinsi unavyogusa jeni za mapafu. Sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia mahali pamoja tu: Xuanwei, wilaya ya wakulima katika mkoa wa Yunnan, kusini-magharibi mwa China. Ni mbali na hapa, najua. Lakini habari ya moshi wa jikoni imefuatiliwa kule kuanzia kwenye shimo la moto hadi kwenye herufi moja moja za DNA, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, na sijui mahali pengi palipofuatiliwa namna hiyo. Mtanivumilia tukifika hadi huko kabla ya kurudi Uyole na Ileje.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 China ilifanya kazi kubwa ya kuhesabu vifo vya saratani nchi nzima, wilaya kwa wilaya. Vifo vya mwaka 1973 hadi 1975 vilipopangwa kwenye ramani, Xuanwei ikajitokeza. Saratani ya mapafu ilikuwa inaua watu wake kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa nchini, na kwa wanawake hali ilikuwa mbaya kuliko popote. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kukuna vichwa. Wanaume wa Xuanwei wengi walivuta tumbaku, ila wanawake karibu wote hawakuwahi kuigusa. Kama tumbaku ndiyo iliyokuwa ikiua, wanawake wangesalimika. Lakini walikuwa wanakufa sambamba na waume zao.

Watafiti wa China, akiwemo Daktari He Xingzhou, wakishirikiana na wenzao wa Marekani kama Judy Mumford na Robert Chapman, walianza kuingia ndani ya nyumba. Walichokikuta wengi wenu mnakifahamu. Shimo la moto lilikuwa sakafuni, halina dohani. Hapo hapo palipikwa, paliotwa moto, watu walikaa wakazungumza, na moshi ulijitafutia njia mlangoni na kwenye nyufa za paa. Mama aliwasha moto alfajiri, na binti yake akajifunza kupika akiwa amechutama kando yake. Wenzangu mliokulia Makete au Rungwe hamhitaji picha.

Nishati zilikuwa za aina tatu. Vijiji vingine vilichoma makaa ya mawe yenye moshi mzito, vingine makaa ya mawe yasiyotoa moshi mwingi, vingine kuni. Kila kijiji kilitumia kilichochimbwa au kukatwa karibu nacho, na watu walikaa na nishati ile ile vizazi na vizazi. Kwa mtafiti, hali hiyo ni adimu. Watu ni wa wilaya moja, kilimo chao ni kile kile, chakula hakitofautiani sana, kinachotofautiana ni kinachowaka.

Wakapima hewa. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1987, na kuna sehemu yake moja ambayo ningependa tukae nayo kidogo. Katika nyumba za makaa ya mawe yenye moshi, hewa wakati wa kupika ilikuwa na zaidi ya miligramu 20 za chembechembe katika kila mita moja ya ujazo. Ni kiwango cha kutisha. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chembechembe ndogo zile za PM2.5 zisizidi maikrogramu 15 kwa wastani wa saa 24, na miligramu moja ni maikrogramu 1,000. Sasa sikilizeni hili: nyumba za kuni nazo zilikuwa na zaidi ya miligramu 20. Moshi ulikaribiana kwa uzito, macho yaliwasha vile vile, kuta zilikuwa nyeusi vile vile. Lakini saratani ya mapafu iliwaandama wale wa makaa ya mawe yenye moshi, na haikuwaandama wa kuni kwa kiwango hicho.

Kwa hiyo jicho na pua havikutosha kupima hatari. Ilibidi watu waulize ndani ya moshi mna nini.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, ilichapishwa hesabu ya wakulima zaidi ya 37,000 wa Xuanwei waliofuatiliwa kuanzia 1976 hadi 1996. Waliokulia na kuzeekea kwenye makaa ya mawe yenye moshi walilinganishwa na waliotumia yale yasiyo na moshi. Kwa wale wa mwanzo, uwezekano wa kufa kwa saratani ya mapafu kabla ya kutimiza miaka 70 ulikuwa asilimia 18 kwa wanaume na asilimia 20 kwa wanawake. Mwanamke mmoja katika kila watano! Kwa wale wa makaa yasiyo na moshi haukufika hata nusu asilimia. Hatari ya wanawake wa kundi la kwanza ilikadiriwa kuwa mara 99 ya wenzao. Naomba mniwekee hiyo namba 99 akilini, nitaihitaji tena.

Tuingie ndani ya moshi. Kuna kundi la kemikali ambazo huzaliwa pale kitu chenye kaboni kinapoungua bila hewa ya kutosha. Wanakemia huziita haidrokaboni za pete nyingi, kwa sababu kaboni zake zimeshikana kwa mapete. Iliyochunguzwa kuliko zote ni benzopireni, yenye pete tano, kaboni 20 na haidrojeni 12. Ukoo wake una historia ndefu. Mwaka 1775 daktari wa London aliyeitwa Percivall Pott aliandika kwamba vijana wasafisha dohani walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya korodani, na akailaumu masizi. Miaka zaidi ya 150 ilipita kabla wanakemia, huko huko London, hawajaitenga benzopireni kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe mwanzoni mwa miaka ya 1930. Masizi yale yale yaliyoning'inia kwenye dari za Xuanwei.

Benzopireni haisafiri peke yake. Hujibandika kwenye chembechembe ndogo za moshi, na zile ndogo kabisa hupita puani, hupita koo, hushuka hadi kwenye vijia vyembamba vya mapafu. Hapo huachana na chembechembe iliyoibeba na kuingia ndani ya seli kwa urahisi, maana inayeyuka kwenye mafuta na utando wa seli umejaa mafuta.

Wanafunzi, hapa ndipo somo lenu la baiolojia linapoanza, andikeni. Ndani ya seli kuna kipokezi kiitwacho AHR. Kazi yake mojawapo ni kutambua vitu vigeni vyenye umbo la aina hii. Kikishaikamata benzopireni, kinaingia nayo kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni zilizokuwa zimetulia. Mbili zinazojulikana sana ni CYP1A1 na CYP1B1. Hiyo ndiyo athari ya kwanza ya moshi kwenye jeni, na hutokea katika muda wa saa chache tu. Jeni hizo hazijaharibika. Zimeamriwa zifanye kazi zaidi, nazo zinatii.

Zikiamka, zinatengeneza vimeng'enya vya kuipachika benzopireni oksijeni ili iyeyuke kwenye maji na itolewe mwilini. Nia ni njema, na sehemu kubwa ya sumu hutoka hivyo. Lakini benzopireni ilivyoingia, kabla haijaguswa, haina hata uwezo wa kuishika DNA. Ni kazi hii ya mwili kujisafisha inayoigeuza, hatua kwa hatua, na baadhi yake ikatoka kiwandani ikiwa na ncha ya kujing'ang'aniza. Kila nikifundisha hatua hii nasikitika, maana mwili hapa haukufanya uzembe wowote. Umefanya ulichoumbiwa kufanya, isipokuwa umeletewa sumu nyingi, kila siku, kwa miaka.

Hiyo benzopireni iliyogeuzwa hutafuta DNA. DNA, kama mjuavyo, imeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C. Yenyewe huipenda G. Ikishaishika, panatokea uvimbe kwenye uzi. Seli ina mafundi wake: protini zinazopita zikikagua, zikikuta uvimbe hukata kipande cha herufi kama 30 na kujaza upya. Kazi hiyo inaendelea sasa hivi ndani ya kila mmoja wetu humu ukumbini. Hatari inakuja seli inapogawanyika kabla fundi hajafika. Protini inayonakili DNA inafika kwenye ile G iliyovimba, inashindwa kuisoma, inaweka A upande wa pili mahali ilipopaswa kuweka C. Mzunguko unaofuata, A inaiita T. Basi, palipokuwa na G pana T. Baada ya hapo mafundi hawana cha kutengeneza, kwa sababu uzi umenyooka na herufi zimelingana. Kosa limekwisha kuwa sehemu ya maandishi, na seli zote zitakazozaliwa na ile zitalirithi.

Makosa mengi ya namna hiyo hayadhuru, yanaangukia sehemu zisizo na uzito. Kuna jeni chache ambazo yakiziangukia, mambo huharibika. Moja ni TP53, iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Hutengeneza protini ya asidi amino 393 ambayo huizuia seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike, na uharibifu ukizidi huiamuru ife. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina kasoro kwenye jeni hiyo. Nyingine ni KRAS, ambayo kazi yake ni kuiambia seli ikue. TP53 ikiharibika, kizuizi kimeondoka. KRAS ikiharibika kwa namna fulani, amri ya kukua haikomi.

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichukua seli za njia ya hewa za binadamu, wakazipa ile benzopireni iliyogeuzwa, kisha wakasoma TP53 ili waone imeshikwa wapi. Ilishikwa kwa nguvu zaidi mahali patatu: kodoni, yaani kifungu cha herufi tatu, ya 157, ya 248 na ya 273. Ni mahali pale pale ambapo vivimbe vya wavutaji wa tumbaku vilikuwa vimejulikana kuwa na mabadiliko mengi. Kwa mara ya kwanza kemikali moja iliyomo kwenye moshi ilionekana ikigonga pale pale palipovunjika kwa wagonjwa.

Na Xuanwei? Mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi wa vivimbe vya mapafu vya wanawake wa Xuanwei ambao hawakuwahi kuvuta sigara, waliopikia makaa ya mawe yenye moshi. Katika mabadiliko yaliyokutwa kwenye TP53, asilimia 76 yalikuwa ya G kugeuka T. Kwenye KRAS, asilimia 86. Kwa watu wasiovuta tumbaku, mabadiliko ya aina hiyo kwa kawaida ni machache. Wanawake hawa hawakuwahi kushika sigara, lakini ukizisoma jeni za vivimbe vyao unaona maandishi ya moshi. Yule daktari wa zamani wa London aliona masizi kwenye ngozi akakisia. Hapa moshi ulikuwa umeacha saini, na saini hiyo ilisomeka.

Ndugu zangu wahudumu wa afya, najua mnapopita majumbani kuna maneno mawili mnayakuta. La kwanza ni "ugonjwa huu uko kwenye ukoo wetu." Siwezi kusema ni uongo mtupu. Kuna jeni iitwayo GSTM1 inayosaidia kuondoa sumu hizi, na kuna watu waliozaliwa bila hiyo kabisa. Kwa watu wa Asia na Ulaya ni karibu nusu yao. Utafiti uliofanywa Xuanwei na Daktari Qing Lan na wenzake, ukachapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba wasio na GSTM1 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya mapafu, zaidi kidogo ya mara mbili. Sasa rudisheni ile namba 99. Jeni uliyorithi imeongeza hatari mara mbili na kitu. Aina ya makaa jikoni imeiongeza mara 99 kwa wanawake. Familia hurithishana damu, ni kweli, lakini pia hurithishana jiko, paa lile lile na mlango ule ule wa kutolea moshi. Ukiona mama na binti na shangazi wamepata ugonjwa mmoja, kabla hujaulizia ukoo, ulizia walipikia nini.

Neno la pili ni la akina mama, na huniuma kulisikia: "Je, nimempa mwanangu?" Tuwajibu kwa uwazi. Mabadiliko haya ya G kuwa T yanatokea kwenye seli za mapafu. Hayaendi kwenye yai, hayamfikii mtoto kwa kuzaliwa. Kinachomfikia mtoto ni moshi wenyewe, akiwa amebebwa mgongoni wakati mama anachochea moto. Huo tunaweza kumwepusha nao leo.

Kuna njia nyingine ambayo moshi hufanya kazi, na imeeleweka vizuri zaidi hivi karibuni. Mwaka 2023 timu ya Charles Swanton wa Taasisi ya Francis Crick, London, ilichapisha kazi kuhusu chembechembe za PM2.5. Walichunguza mapafu ya watu ambayo hayakuwa na saratani, wakakuta mengi tayari yana seli chache zenye mabadiliko kwenye KRAS au EGFR, jeni nyingine ya kuamuru ukuaji. Seli hizo zimekaa kimya, zimekuja na umri tu. Kisha, kwa panya, walionyesha kwamba chembechembe za hewa chafu zinapoingia, seli za ulinzi za mapafu hutoa kemikali ya uvimbe iitwayo interlukini-1 beta, na hiyo ndiyo inayozichochea zile seli zilizolala zianze kukua. Walipoizuia interlukini hiyo, vivimbe vilipungua. Ni kama mbegu iliyolala mchangani kiangazi kizima ikisubiri mvua. Moshi wa Xuanwei uliandika makosa mapya. Chembechembe hizi zinaweza kuchochea makosa ambayo tayari yapo. Jiko moja linaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "jikoni kwangu moshi ni mdogo, wala hauwashi macho." Chembechembe zinazoshuka chini kabisa hazihitaji kukuwasha macho.

Turudi nyumbani sasa. Wengi wetu hapa hatupikii makaa ya mawe. Tunapikia kuni na mkaa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Lyon, limeuweka moshi wa makaa ya mawe ya majumbani katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa kuni wa majumbani umewekwa kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa. Msitoke hapa mkasema kuni ni salama. Kuni huua kwa njia nyingine kwanza: nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano, mapafu ya mama kuziba polepole hadi anashindwa kupanda kilima alichokuwa akikipanda na ndoo kichwani, moyo, kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yake ni vya watoto wa umri huo.

Mkaa nao hutoa moshi kidogo, ndiyo sababu tunauamini kupita kiasi. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya kwetu ikikaza, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hiyo haisubiri miaka 20 ya jeni, inaua usiku huo huo. Wahudumu, hili lisemwe kila nyumba kabla ya baridi kuingia.

Lakini kuna jambo jingine linalonifanya niizungumzie Xuanwei hapa Mbeya na si mahali pengine. Sisi tunaishi juu ya makaa ya mawe. Kiwira iko hapo. Ngaka iko Ruvuma, Mchuchuma iko Ludewa. Na sasa mkaa mbadala uliotengenezwa kwa makaa ya mawe unauzwa kwa ajili ya kupikia, shuleni na majumbani, ili misitu yetu ipone. Nia ya kuokoa misitu naiunga mkono kwa moyo wote; nimeiona milima iliyonyolewa. Ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unasema makaa ya mawe ambayo hayajasindikwa yasitumike kabisa majumbani, na kuhusu yaliyosindikwa unataka yafanyiwe utafiti zaidi.

Sisemi makaa yetu ni sawa na yale ya Xuanwei. Makaa ya mawe hutofautiana sana, hata ndani ya Xuanwei yenyewe vijiji vya jirani vilitofautiana, na hilo ndilo somo lenyewe. Kwa hiyo naomba mambo mawili, na nayaomba mbele ya mgeni rasmi. Kila aina ya mkaa mbadala ipimwe moshi wake kwenye jiko la kweli, jikoni kwa kweli, benzopireni ikiwa miongoni mwa vinavyopimwa, na matokeo yawekwe wazi kwa Kiswahili kwenye mfuko wa bidhaa. Na mpaka hapo, mkaa huo usichomwe ndani ya chumba kisicho na dohani, hasa palipo na mtoto au mjamzito. Mpishi wa shule anayesimama mbele ya sufuria la watoto 400 ana haki ya kujua anavuta nini.

Taifa letu limejiwekea lengo, katika mkakati uliozinduliwa mwaka 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Gesi na umeme ndiko tunakoelekea, na tufike. Lakini mama wa kijijini ambaye mtungi wa gesi utamfikia baada ya miaka mitano bado anapika leo jioni, na huyo ndiye ninayemfikiria ninapowaeleza kilichofanyika baadaye kule China.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 familia za Xuanwei zilianza kujenga majiko yenye dohani. Makaa yalikuwa yale yale. Waliyachoma yale yale, ila moshi ukatolewa nje. Qing Lan na wenzake waliwafuatilia wakulima zaidi ya 21,000 kuanzia 1976 hadi 1992, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kwa familia zilizobadilisha jiko, saratani ya mapafu ilipungua kwa asilimia 41 kwa wanaume na asilimia 46 kwa wanawake. Karibu nusu, kwa dohani! Utafiti mwingine wa huko huko ulionyesha kwamba hata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ulipungua. Kupungua kwa saratani kulidhihirika wazi baada ya miaka kama kumi tangu jiko libadilishwe. Na baada ya haya tuliyoyasema kuhusu seli, mnaelewa kwa nini ilichukua muda huo. Herufi zilizokwisha kugeuka hazirudi. Kilichosimama ni kuandikwa kwa makosa mapya juu ya yale ya zamani.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kabla hatujaingia humu: bibi yangu amepikia kuni tangu utotoni, kuna faida gani kumjengea dohani sasa? Nilimwambia nitamjibu mbele ya wote. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi ya wanasayansi wa Uingereza waliosoma DNA ya seli moja moja kutoka kwenye njia za hewa za watu 16, wakiwemo wavutaji na walioacha sigara. Kwa walioacha, walikuta kundi la seli ambazo DNA yake ilikuwa karibu sawa na ya watu wasiowahi kuvuta. Seli hizo zilikuwa zimesalimika, na uvutaji ulipokoma zikaanza kujaza nafasi. Zilikuwa nyingi mara nne kwa walioacha kuliko kwa wanaoendelea kuvuta. Hiyo ilikuwa sigara, na sitaki kudai zaidi ya walichokiona. Lakini ukiiweka karibu na dohani za Xuanwei, ambako watu wazima waliokwisha kuvuta moshi miaka mingi walinufaika, jibu langu kwa mjukuu ni hili: mjengee bibi dohani mwezi huu. Na kama unaweza kuhamishia jiko kwenye banda lenye pande wazi, fanya hivyo wakati unatafuta matofali.

Wahudumu wa afya, kwenye madaftari yenu ya kutembelea kaya ongezeni mistari mitatu: wanapikia nini, wanapikia wapi, na nani anakaa jikoni muda mrefu zaidi. Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi mnampeleka kupimwa kifua kikuu, na mfanye hivyo bila kukosa. Ila akirudi na majibu kwamba hana kifua kikuu na bado anakohoa, anapungua uzito au anatema makohozi yenye damu, msimwache nyumbani kwa sababu hajawahi kuvuta sigara. Mrudisheni hospitali, na mwambieni daktari amepikia nini na kwa miaka mingapi, maana mara nyingi daktari hataliuliza hilo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Tuna dakika kumi za maswali, na ningependa tuanze na wanafunzi wa nyuma.